Shafti Isimame Kwanza

Tyubu kuukuu ya baiskeli hutoa mipira mingi, lakini dereva huyu huhitaji minne tu. Miwili huibana kwenye vifundo vya mikono, juu ya ovaroli. Miwili mingine hukaza miguu ya suruali kwenye shingo za buti. Kisha hupitisha viganja kifuani kuhakikisha vifungo vyote vimefungwa, huchomeka ncha za kamba za buti ndani, huvua saa na kuitia kwenye kisanduku cha spana. Kofia yake haina kamba. Hayo yote huyafanya akiwa amesimama kando ya trekta lililozimwa, huku lundo la mahindi likimsubiri na wenye mahindi wakimtazama.

Akishamaliza kwake, huwageukia wengine. Hapa kila mtu humwita Mzee, na umri huo unamsaidia. Mama mwenye mahindi amejifunga khanga juu ya gauni. Mzee anamwomba kwa adabu abaki upande wa maturubai, asipite nyuma ya trekta wakati mashine inafanya kazi. Kijana wa magunia amevaa koti la mtumba lenye zipu iliyokufa. Koti linatundikwa mtini. Mwingine ana waya za simu masikioni, zinaning'inia hadi kiunoni. "Mjukuu wangu, huo waya utakupeleka mahali ambako mimi siwezi kukufuata," anamwambia, na waya unaingia mfukoni. Watoto waliokuja kuokota punje wanaonyeshwa mbuyu ulio mbali kidogo na kuambiwa kwamba kivuli chake ndio mpaka wao. Hakuna anayefokewa.

Sababu ya ukaguzi huo wa nguo inahesabika. Shafti inayotoka nyuma ya trekta kwenda kwenye mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 7 na nusu ikikamata nguo, kila mzunguko huvuta sentimita 23 na ushei, na kwa sekunde moja huvuta zaidi ya mita 2. Khanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Kwa hiyo khanga nzima inamalizika kabla aliyeivaa hajapata kusema "jamani", na shafti haikomei kwenye nguo.

Tuko wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, wakati wa kiangazi, mahindi yameshavunwa na kukauka. Trekta si mgeni katika nchi hii ya Wagogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi wake mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta ya kufyeka pori, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vilivyobaki vitani. Ardhi ilikauka ikawa ngumu, majembe yakavunjika, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Waingereza waliondoka, lakini kazi ya udereva wa trekta ilibaki. Leo, ukisafiri barabara kuu ya Dodoma na Morogoro msimu wa mavuno, utakuta Kibaigwa malori yamepanga foleni kwenye soko la mahindi linalojulikana nchi nzima. Sehemu kubwa ya mahindi yale yamepita kwanza kwenye mashine ya kupukuchua inayozungushwa na trekta, shambani au uani kwa mtu, chini ya uangalizi wa dereva kama huyu.

Trekta la Mzee ni Massey Ferguson jekundu, lenye umri mkubwa kuliko utingo wake. Mashine anayoikokota imeundwa na mafundi wa kuchomelea. Juu ina hopa ya bati nene, ambamo mahindi humiminwa. Ndani ina ngoma ya chuma yenye meno, nzito kiasi kwamba watu wawili hawainyanyui. Chini ya ngoma kuna wavu wa nondo unaopitisha punje, na ubavuni kuna feni ya kupuliza makapi. Punje hutokea chini, magunzi hutokea mwishoni, na makapi huenda upepo unakotaka. Vyote vimekaa juu ya magurudumu mawili, mbele kuna mkono mrefu wa kukokotea.

Namna anavyochagua mahali pa kuisimamisha ingeweza kumchosha mtazamaji asiyejua anachokiona. Mzee anazunguka lundo zima kwa miguu. Anainama, anachota makapi yaliyosalia kutoka kazi ya jana, anayaachia hewani na kutazama yanakoelekea. Upepo anautaka ubavuni. Ukitoka mbele ya trekta, moshi wa ekzosi utawajia walishaji usoni. Ukitoka upande wa mashine, makapi makavu yatarudi kwenye trekta, yazibe rejeta na kulala juu ya ekzosi yenye moto. Hapo lundo zima huweza kuungua kabla watu hawajajua moshi unatoka wapi. Kwa hiyo anataka ubavuni, na anataka ardhi iliyo sawa. Akipapata, utingo analeta ndoo mbili za mchanga na kuziweka mahali ambapo mtu anaweza kuzifikia bila kupita nyuma ya trekta. Magurudumu ya mashine yanawekewa magogo mbele na nyuma.

Sasa trekta linarudi nyuma kuifuata mashine. Nafasi kati ya vyuma hivyo viwili ni ya kubanwa mtu, na utingo mwenye haraka hupenda kusimama humohumo, pini mkononi, akiita "njoo, njoo, njoo". Utingo wa Mzee husimama pembeni, mahali dereva anapoona miguu yake na mikono yake. Viganja vyake viwili ndivyo vinavyosema: vinasogeleana kadiri tundu la trekta linavyolisogelea tundu la mashine. Vikikaribia kugusana, Mzee anakanyaga breki, anatia gia fri, anavuta handibreki, halafu anainua mikono yote miwili juu ya stelingi, mitupu. Mpaka mikono ile ionekane, utingo haingii. Akiingia, anajaribu pini. Ikikataa kwa upana wa kidole, haombi trekta lisogee yeye akiwa ndani. Anatoka, anarudi mahali pake, viganja vinaanza upya. Nimewaona wakirudia hivyo bila hata mmoja kusonya. Pini ikiingia, inafuatwa na kipini kidogo cha kuizuia isiruke, na utingo anakivuta kwa kidole kuhakikisha.

Mkono wa mashine hufungwa kwenye drobaa, ile sehemu ya kuvutia iliyo chini kabisa nyuma ya trekta, na Mzee ana msimamo mkali juu ya hilo. Trekta likikwama, wapo wanaofunga mnyororo popote panaposhikika, hata juu ya ekseli. Mzigo ukikataa kusogea na magurudumu ya nyuma yakashika ardhi vizuri, injini itaanza kuuinua upande wa mbele badala ya kuvuta. Kuanzia magurudumu ya mbele yanapoacha ardhi hadi trekta linapomlalia dereva huweza kupita sekunde moja na nusu, au pungufu. Hatari hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyomshughulisha Harry Ferguson, fundi wa Ireland, kabla ya vita ya pili ya dunia. Aliliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu na haidroliki, ili likigonga kisiki magurudumu ya nyuma yateleze badala ya trekta kusimama wima. Jina lake bado limeandikwa kwenye boneti ya trekta hili. Lakini uvumbuzi wake unalinda jembe lililofungwa kwa mikono ile mitatu. Mnyororo uliofungwa juu ya ekseli haumhusu.

Baada ya hapo shafti inatolewa kwenye gunia lake. Ndiyo, ina gunia lake. Ni bomba mbili, moja ikiingia ndani ya nyingine ili iweze kurefuka na kufupika, na kila ncha ina krosi, kiungo kinachoiruhusu kupinda kidogo huku inazunguka. Mzee anakaa chini, anailaza mapajani. Anashindilia grisi kwenye krosi ya kwanza hadi grisi ya zamani, nyeusi, isukumwe nje na mpya ianze kuonekana, kisha anafuta ziada kwa kitambaa. Grisi ya nje hukusanya vumbi, na vumbi hula chuma. Anafanya hivyo kwa krosi ya pili. Anavuta bomba zirefuke kwa kiasi zitakachohitaji leo na kupima kwa shubiri sehemu iliyobaki imeingiliana. Ikiwa chini ya theluthi, trekta linasogezwa, hata kama pini imeshaingia na kila mtu yuko tayari.

Juu ya bomba kuna ganda la plastiki la njano. Kwenye mashine nyingi ganda hili ndilo la kwanza kuvunjika na la mwisho kununuliwa. La Mzee lina mikwaruzo, lakini ni zima. Analishika kwa viganja na kulizungusha, nalo linazunguka huku shafti iliyo ndani imetulia. Hicho ndicho alichotaka kukiona. Kazi ikianza, vijinyororo viwili vitalishika ganda lisizunguke, na mtu akiligusa kwa bahati mbaya atagusa kitu kilichosimama. Ganda liking'ang'ania shafti na kuzunguka nayo, hilo si kinga tena, ni nguo ya shafti. Asubuhi ile lilizunguka kwa uzito kidogo. Mzee akachungulia ncha ya pili, akaona uzi wa gunia umejiviringa ndani, akautoa kwa ncha ya kisu, kipande kwa kipande, hadi ulipokwisha, akavitia vipande vyote mfukoni badala ya kuvitupa chini penye shafti. Akazungusha tena. Likawa jepesi.

Nyuma ya trekta kinachomoza kichwa kifupi cha chuma chenye meno sita, ambacho madereva hukiita pitio. Hapo ndipo nguvu ya injini inapotokea. Mzee anapapasa meno yale kwa kidole gumba, anabonyeza pini ya kufungia, anaisukuma shafti huku akiichezesha kushoto na kulia hadi meno yapokeane. Pini inaruka na kulia "tak". Watu wengi wangeishia kwenye mlio huo. Yeye anaikamata shafti kwa mikono miwili na kuivuta kuelekea kwake kwa nguvu, mara mbili, kwa sababu shafti isiyojifunga hutoka kwenye meno ikiwa kasini na kuanza kupiga kila kilicho karibu nayo. Vijinyororo vinafungwa. Bati la kukinga lililo juu ya pitio, ambalo kwenye matrekta mengi ya kukodi limeshang'olewa ili mtu apate pa kukanyaga, liko mahali pake.

Kuwasha nako kuna namna yake. Matrekta makuukuu huharibika swichi, na madereva wengi hujizoesha kuyawasha wakiwa chini, kwa bisibisi juu ya stata. Gia ikiwa imesahaulika ndani, trekta huondoka papo hapo, na gurudumu kubwa la nyuma liko hasa pale aliposimama mwenye bisibisi. Mzee aliitengeneza swichi kabla ya kununua rangi. Anapanda akiwa ameelekea trekta, mkono mmoja kwenye stelingi, mmoja kwenye madigadi, anakaa kitini. Anakanyaga klachi, anatikisa gia kuhakikisha iko fri, anagusa wenzo wa pitio kuona umezimwa. "Nawasha!" anaita. Utingo anajibu. Mama mwenye mahindi anajibu. Walishaji wawili wanajibu. Mmoja alichelewa, na ufunguo haukuzungushwa hadi alipojibu.

Pitio huingizwa injini ikiwa sailensa, klachi ikiachiwa taratibu, na ngoma nzito inaanza kuamka: mzunguko wa kwanza unaonekana kwa macho, wa pili pia, kisha meno yanapotea yanakuwa kivuli. Ndipo anaongeza mafuta kidogo kidogo hadi mshale wa mita ufike kwenye alama ya pitio. Hazidishi. Wapo wanaoamini mashine ikikimbia zaidi inapukuchua zaidi. Kinachozidi ni punje zilizopasuka, na soko la Kibaigwa linazikata bei.

Walishaji wanamimina mahindi kwa beseni. Wanasimama juu ya benchi pana lililowekwa imara chini, si juu ya mashine yenyewe. Mzee aliwaagiza mafundi waongeze mdomo wa hopa uwe mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, kwa hiyo hata anayesahau na kuinama kusukuma mahindi, vidole vyake haviyafikii meno. Nauona huo kuwa ufundi wa kiwango cha juu kuliko onyo lolote, maana onyo humtaka mtu akumbuke, wakati hopa ndefu inamlinda hata siku aliyochoka.

Mwenyewe anasimama ubavuni mwa trekta, karibu na mkono wa mafuta na waya wa kuzimia injini, mbele ya gurudumu la nyuma na mbali na shafti. Masikioni amevaa vikinga. Kwa miaka mingi hakuvivaa, na sikio la kushoto halijarudi. Kwa hiyo husikiliza kwa njia nyingine: kiganja chake kimelala juu ya madigadi. Mahindi makavu yakimiminwa kwa kiasi, bati linatetemeka kwa namna moja. Beseni likijaa mno, au gunia lenye mahindi mabichi kidogo likifunguliwa, mtetemo unakuwa mzito, na Mzee anashusha kiganja cha mkono wa pili kuwaambia walishaji wapunguze kabla mtu mwingine hajasikia tofauti yoyote. Kazi nzima inaendeshwa kwa mikono: kiganja kikishuka ni punguza, kikipanda ni ongeza, ngumi ni simama.

Ngumi ilipanda kabla ya adhuhuri. Mtetemo ulizama, mkanda wa feni ukatoa harufu ya mpira unaoungua, na magunzi yakaacha kutoka. Mashine ilikuwa imekabwa. Nimewahi kukaa karibu na mashine nyingine zikikabwa, na sauti huwa ileile, watu wote wanapiga kelele, "Sukuma! Sukuma!", na mtu anatafuta fimbo. Hapa walishaji waliweka mabeseni chini na kurudi nyuma. Mzee akashusha mafuta, akatoa pitio, akavuta waya wa kuzimia hadi injini ikanyamaza, akachomoa ufunguo na kuutia mfuko wa kifuani. Akafunga kifungo cha mfuko. Kisha hakufanya lolote.

Ngoma ilikuwa bado inazunguka. Uzito wa chuma kile hauzimiki kwa ufunguo. Injini ikishakufa, ngoma huendelea kwa nguvu iliyokwisha kuimeza, na iliyokabwa nusu huendelea kwa kukwaruza, ikidanganya kwamba imesimama. Ukimya ule ndio unaowakata watu vidole, kwa kuwa sikio linasema kazi imekwisha. Mzee halitegemei sikio. Kwenye puli ya ngoma amepaka doa la rangi nyeupe. Mashine ikiwa kasini, doa lile huonekana kuwa duara kamili jeupe. Sasa duara lilianza kukatika, likawa vipande, vipande vikawa doa linalopita na kurudi, doa likapita polepole, likafika juu, likasita, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Akalitazama bado. Utingo naye alikuwa amelikodolea macho, kulabu ya nondo mkononi, akimngoja Mzee aseme.

"Haya."

Wakaenda kwenye mashine kwa kuzunguka mbele ya trekta. Njia fupi ilikuwa kuruka shafti, hatua moja tu, na shafti ilikuwa imesimama na ufunguo uko mfukoni. Hawairuki hata hivyo. Mguu hauna akili ya kutofautisha shafti iliyosimama na inayozunguka; ukizoea kuruka hii, utairuka na ile. Kulabu ikatoa bonge la maganda mabichi lililojikunja kwenye meno, halafu jingine, halafu kipande cha kamba ya katani kilichokuwa ndicho chanzo. Mlango wa ngoma ukafungwa kwa nati zote nne, si mbili. Kulabu ikarudi kwenye msumari wake, spana kwenye kisanduku, Mzee akavihesabu kwa macho. "Wote nje?" "Nje!" Ndipo kifungo cha mfuko kilipofunguliwa.

Uwanja wa pili kutoka hapo vijana walikuwa na mashine yao, shafti tupu bila ganda, mmoja wao ameketi juu ya madigadi. Walianza kazi kabla ya Mzee kumaliza kuweka magogo, na kwa muda magunia yao yalikuwa mengi kuliko ya huku. Jioni ilipofika tofauti haikuwa ya kutajwa. Mashine yao ilikabwa mara nyingi kwa kulishwa kwa pupa, ikakata mkanda, na mmoja wao akaenda Kibaigwa kwa bodaboda kuutafuta mwingine. Malipo huhesabiwa kwa gunia, kwa hiyo haraka ya vijana inaeleweka. Nisichokielewa ni kwa nini wenye matrekta, ambao hulipa kwa furaha bei ya tairi, huliona ganda la plastiki kuwa anasa.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawagusa wanaofanya kazi shambani pia, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa usalama katika kilimo, namba 184, mwaka 2001. Lakini penye lundo la mahindi mwenye kauli ni yule aliye na ufunguo.

Mchana injini ilipumzishwa. Mzee hakufungua kifuniko cha rejeta, ingawa utingo alikuja na dumu la maji. Alisubiri hadi kiganja kiweze kukaa juu yake bila kuruka. Wakati wa kusubiri alichukua kipande cha boksi na kukipitisha karibu na mpira wa haidroliki aliokuwa akiushuku tangu asubuhi. Mafuta ya haidroliki yakivuja chini ya shinikizo hutoka kwa tundu lisiloonekana na huweza kupenya ngozi ya kidole, jeraha ambalo kwa nje ni kitone tu na ndani linahitaji upasuaji wa haraka. Boksi lilionyesha mstari mwembamba wa unyevu. Akaushusha mkono wa haidroliki hadi chini ili shinikizo litoke, ndipo akashika spana. Msimu wa kulima hufuata utaratibu huohuo kwa plau: haingii chini ya diski zilizoinuliwa hata kuokota nati. Plau hushushwa ardhini, au huwekewa gogo nene chini, maana kinachoishikilia juu ni mafuta tu, na mafuta hayana ahadi.

Kufikia magharibi lundo lilikuwa limekwisha na magunia yameshonwa. Shafti ikavuliwa, ikafutwa, ikarudi guniani. Haisafiri ikiwa imefungwa. Trekta hili lina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja la kulia, ambazo dereva huzitumia moja moja akigeuza kona kali shambani. Barabarani, ukikanyaga moja tu kwa kasi, trekta linajigeuza ghafla mbele ya basi. Mzee aliinama akazifunga pamoja kwa komeo lake, akazikanyaga kwa buti kupima. Nyuma ya mashine utingo alitundika pembetatu nyekundu na kuifuta vumbi. Mteremko wa kuelekea barabara kuu atauteremka kwa gia, hataachia fri, kwa sababu mashine nyuma yake haina breki na itataka kumpita. Nyuma ya kiti imesimama nguzo ya chuma, ya aina ambayo Sweden iliifanya kuwa lazima kwa matrekta mapya tangu 1959. Aliipata kwenye trekta jingine la aina hiihii lililokufa, akaifunga kwa bolti zake zilezile, na pamoja nayo mkanda, kwa kuwa nguzo bila mkanda humwacha dereva arushwe nje na kupigwa na nguzo yenyewe.

Walishaji walikuwa wameshaanza kupanda. Wawili walikuwa na mguu juu ya mkono wa mashine, wa tatu ameshika madigadi.

"Kiti ni kimoja," Mzee akasema.

Wakashuka wakinung'unika, maana kijijini ni mbali na mgongo unauma. Hata utingo alikuwa ameshakubaliana na bodaboda. Mama mwenye mahindi akajaribu bahati yake. "Hata mimi, Mzee? Na magoti haya unayoyajua?"

"Hata wewe, mama."

"Basi mwakani nitapiga mahindi yangu kwa fimbo, kama bibi yangu."

Mzee akacheka, akafunga mkanda, akamuuliza anategemea magunia mangapi mwakani. Mama akataja. Akatoa daftari mfuko wa kifuani, ule wa ufunguo, akamwandika namba moja.